Kutoka Teja hadi Mraibu: Uelewa wa Uraibu wa Heroini na Njia ya Nafuu katika Pwani ya Afrika Mashariki, 1980–2017

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa watu waliokuwa wakijidunga heroini. Maandishi mengi ya afya ya jamii huichukua tarehe hiyo kuwa mwanzo wa tiba ya uraibu nchini Tanzania, na huihesabu kuwa hatua ya kwanza ya ukubwa wake katika hospitali za umma za Afrika ya bara iliyo kusini mwa Sahara. Kwa mtazamo wa kihistoria, hata hivyo, tarehe hiyo huficha mengi. Kabla dirisha la Muhimbili halijafunguliwa, watu wa pwani walikuwa wameishi na heroini kwa takriban robo karne. Walikwisha kuipa majina. Walikwisha kuwafungia vijana wao vyumbani, kuwapeleka kwa masheikh na wachungaji, kuwahamishia kwa jamaa wa mbali, na hatimaye kuanzisha nyumba za kuishi pamoja bila dawa. Hoja ya insha hii ni kwamba uelewa wa uraibu kama maradhi yenye nafuu haukuletwa na sheria, wala na dawa mpya peke yake. Ulijengwa polepole na watumiaji wenyewe pamoja na jamaa zao, na dola iliupokea kwa kuchelewa, tena kwa sehemu.

Ulevi kabla ya uraibu

Urithi ambao serikali za Afrika Mashariki zilikuwa nao zilipokutana na heroini ulikuwa urithi wa kudhibiti vileo, si wa kutibu walevi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vikwazo dhidi ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukaendeleza siasa hiyo. Chini ya utawala wa Waingereza, Waafrika wa Kenya na Tanganyika walikatazwa pombe kali za viwandani hadi miaka ya 1950, ilhali halmashauri za miji, Nairobi ikiwa mfano unaojulikana zaidi, ziliwauzia pombe ya kienyeji katika kumbi maalumu na kutumia mapato yake. Swali la utawala lilikuwa nani anywe nini, wapi, na kwa kibali cha nani. Aliyeshindwa kuacha hakuwa na nafasi katika swali hilo. Kama alifikishwa Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910 kama hospitali ya wenye wazimu, au Mirembe ya Dodoma, alifika huko kwa sababu ya wazimu uliofuatana na ulevi wake; ulevi wenyewe haukuwa maradhi yaliyomstahilisha kitanda.

Uhuru haukubadili sana mpangilio huo. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965 na Tanzania ikatunga sheria ya moshi mwaka 1966, zote mbili zikishughulika na utengenezaji na leseni. Hata marufuku ya pombe za viroba nchini Tanzania, iliyoanza tarehe 1 Machi 2017, ilifuata njia ileile ya kuondoa kileo sokoni na kutarajia kwamba mnywaji atajirekebisha. Hatua hiyo haikukosa sababu, kwa kuwa bei ndogo ya kiroba ilikifikisha kileo kikali mikononi mwa wanafunzi. Ila inaonyesha jinsi fikra ya udhibiti ilivyoendelea kutawala sera ya pombe hata baada ya fikra ya tiba kupata nafasi katika sera ya heroini. Mlevi wa gongo, ambaye idadi ya wenzake ni kubwa zaidi, hakupata dirisha la hospitali mfano wa lile la Muhimbili.

Lugha nayo ilikuwa na upungufu wake. Neno ulevi lilihukumu mwenendo. Neno uraibu, ambalo leo ndilo la kitaalamu na la kisheria, katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilihusu tambuu: majani ya mtambuu, popoo, chokaa na tumbaku, mchanganyiko uliotafunwa barazani na kukirimiwa mgeni. Uraibu ulikuwa burudani ya watu wazima, yenye adabu na vyombo vyake. Inafaa kukumbuka asili hiyo, maana neno lililokuja kubeba maana ya utumwa wa dawa lilianza likiwa neno la ukarimu, na ndani yake lilikwisha kuwa na wazo kwamba mwili huzoea kitu na kukidai.

Kuingia kwa unga

Heroini ilienea katika miji ya pwani kuanzia miaka ya 1980. Mabaharia, biashara ya magendo na utalii vyote vilichangia, na uzito wa kila kimoja ulitofautiana kati ya Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam. Zanzibar ililegeza masharti ya biashara kuanzia 1984, wakati bei ya karafuu ilipokuwa ikiporomoka. Tanzania ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Vijana waliomaliza shule katika miaka hiyo walikuta ajira za serikali zikipungua, huku bidhaa na wageni wakiongezeka. Si sahihi kudai kwamba umaskini ndio uliozaa uraibu, kwani watumiaji wa mwanzo hawakuwa wote maskini. Kilicho wazi ni kwamba bandari zilifunguka kabla taasisi za kuwahudumia vijana hazijapata sura mpya.

Kwanza ilikuja heroini ya kahawia, iliyoitwa brauni shuga, ikavutwa kwa kupashwa moto au kuchanganywa na bangi katika sigara iliyoitwa kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilienea heroini nyeupe. Tofauti hiyo, ambayo kwa mtazamaji ni ya rangi tu, ilikuwa na matokeo makubwa: heroini nyeupe huyeyuka kwa urahisi zaidi katika maji, na hivyo hurahisisha matumizi ya sindano. Mabadiliko ya bidhaa katika soko la mbali yalibadili namna ya kuitumia katika vichochoro vya Kinondoni na Malindi, na namna mpya ya kuitumia ikafungua mlango wa Virusi vya Ukimwi.

Msamiati wa watumiaji unastahili kusomwa kama chanzo cha historia, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wa kwanza kueleza hali yao. Heroini ikawa unga, na kipimo chake kete. Mahali pa kukutania pakawa maskani au geto. Mtumiaji akaitwa teja, neno linaloelekea kutokana na mteja: mtu anayetambulika kwa kununua kwake. Lilikuwa jina la dharau mtaani, na magazeti yakalichukua bila kusita. Lakini neno zito kuliko yote ni arosto. Kwa arosto watumiaji walimaanisha maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, jasho la baridi na usiku usio na usingizi ambao humpata mtu heroini inapoisha mwilini. Jamii iliposema kwamba teja hutumia kwa kupenda starehe, neno arosto lilikuwa na jibu tofauti: baada ya muda, mtu hatafuti tena raha, anakimbia maumivu. Haya ni maelezo yanayokaribiana sana na yale ya tiba, ambayo husema kwamba ubongo uliozoea heroini hupunguza mwitikio wake, hudai kipimo kikubwa zaidi, na huvurugika kinapokosekana. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kupendekeza mwaka 1964 kwamba istilahi za awali ziachwe na hali hii iitwe utegemezi. Maskani za Dar es Salaam hazikusoma ripoti hiyo, na hazikuihitaji ili kulijua jambo lenyewe.

Chumba kilichofungwa

Njia ya kwanza ya tiba ilikuwa ya nyumbani. Mzazi alimfungia mwanawe chumbani kwa siku saba au kumi, akamlisha uji na supu, akamwombea au akamwita wa kumsomea, hadi arosto ipite. Mara nyingi ilipita. Kijana alitoka amenenepa kidogo na ametulia, na familia ikashukuru. Wiki chache baadaye alirudi maskani.

Ni rahisi kuidharau njia hii, na taarifa za kitaalamu zimefanya hivyo. Hata hivyo, ilikuwa na maarifa ndani yake: ilitambua kwamba arosto ina mwisho, na kwamba mtu hawezi kuivuka peke yake. Kosa lake lilikuwa kuchukulia kwamba kuisha kwa arosto ndiko kuisha kwa uraibu. Kosa hilo halikuwa dogo, maana mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, na anayerudi na kutumia kipimo chake cha zamani anaweza kufa kwacho. Aliyetoka jela alikabiliwa na hatari hiyohiyo. Hivyo chumba cha mzazi na seli ya serikali, ambavyo nia zake zilikuwa tofauti kabisa, viliweza kumrudisha mtu mtaani katika hatari moja.

Sheria ilijua seli tu. Kenya ilitunga sheria ya dawa za kulevya mwaka 1994, na Tanzania Bara mwaka 1995. Zote mbili zilimwona mtumiaji kwanza kama mkosaji. Matokeo yake hayakuishia mahakamani: anayeogopa kukamatwa na bomba la sindano mfukoni hulitumia la mwenzake.

Hali hiyo ilidhihirishwa na utafiti uliofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 na watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Gad Kilonzo, wakishirikiana na Sheryl McCurdy na wenzake kutoka Marekani. Waliingia magetoni na kusikiliza. Miongoni mwa mambo waliyoyaripoti ni desturi ya baadhi ya wanawake waliokosa fedha kupokea kutoka kwa mwenzao kiasi cha damu iliyovutwa kwenye bomba mara baada ya kujidunga, kwa imani kwamba ina heroini ya kutuliza arosto. Habari hizo zilizua mshtuko nje ya nchi, zikasimuliwa kama ushahidi wa upotovu. Zikisomwa kwa utulivu, zinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: ukali wa arosto, na huruma ya mtu asiye na kitu kingine cha kumpa mwenzake. Kwa upande wa maambukizi, sampuli iliyopimwa Dar es Salaam ilionyesha karibu asilimia 42 ya waliokuwa wakijidunga wakiishi na VVU. Zanzibar, ambako maambukizi katika jamii nzima yalikuwa chini ya asilimia 1, utafiti wa 2007 ulikuta asilimia 16 miongoni mwao. Takwimu hizi ndizo zilizoufungua mlango wa serikali na wafadhili. Ni lazima isemwe wazi kwamba mlango huo ulifunguliwa kwa hofu ya Ukimwi. Mateso ya watumiaji yalikuwapo miaka 20 kabla yake, na hayakutosha kuufungua.

Nyumba

Katikati ya miaka ya 1990 Mradi wa Omari ulianza kazi katika eneo la Malindi na Watamu, ukiwa jibu la watu wa mahali pale kwa heroini iliyokuwa imeingia ndani ya familia zao. Unguja, mwaka 2009 ilifunguliwa nyumba iliyopewa jina la Detroit, kwa uhusiano na mradi wa watu walioacha dawa katika mji huo wa Marekani. Katika miaka michache iliyofuata, nyumba za aina hiyo visiwani zilizidi kumi. Watu waliziita soba hausi. Baadaye maandishi ya serikali yakaziita nyumba za upataji nafuu.

Mfumo wao ulitokana na hatua 12 za Narcotics Anonymous, chama kilichoanzishwa California mwaka 1953 kwa kufuata nyayo za Alcoholics Anonymous, iliyoanza Akron, Ohio, mwaka 1935. Kwa hiyo njia iliyobuniwa na walevi wa Marekani ndiyo iliyowafikia wavuta unga wa Zanzibar. Mengi yalihitaji kupata makazi mapya. Nguvu kuu ambayo mfumo huo humtaka mtu ajisalimishe kwayo ilieleweka visiwani, bila mjadala mrefu, kuwa Mwenyezi Mungu. Swala tano zikaingia katika ratiba ya siku pamoja na vikao. Ungamo la hadharani lilikuwa gumu zaidi. Katika jamii inayothamini sitara, kusimama mbele ya watu na kutaja aibu za nyumba yako ni jambo zito, na anayelifanya hafichui yake peke yake. Nyumba zililitatua kwa kuufanya mduara wa kikao uwe na sitara yake: yanayosemwa humo hayatoki.

Jambo jipya kabisa lilikuwa mamlaka ya anayefundisha. Msimamizi wa nyumba alikuwa mtu aliyepitia arosto mwenyewe. Maarifa ambayo mtaani yalikuwa alama ya kuharibika kwake yakawa sifa ya kazi. Mgeni aliyedanganya kwamba ameumwa tumbo alidanganya mbele ya watu waliowahi kudanganya hivyohivyo. Huu ndio mchango ambao historia ya hospitali haiwezi kuueleza, kwa sababu haukutoka hospitalini.

Aidha, istilahi iliyochaguliwa inabeba fikra nzima. Kiswahili kina kitenzi kupona, na kingeweza kuziita nyumba za kupona. Nafuu ni kitu kingine. Mgonjwa wa homa aliyepata nafuu ameanza kula na kuketi, lakini mlezi wake bado hajaondoka. Mtu aliyekaa miaka mitano bila unga, kwa lugha ya nyumba hizi, bado yumo katika nafuu, na huihesabu kwa siku. Ukilinganisha na kile chumba kilichofungwa, ambacho kilitarajia kijana apone kwa siku kumi, umbali uliokwisha kusafiriwa ni mkubwa.

Nyumba hazikuwa peponi. Nyingi zilitegemea michango ya familia, na familia iliyokwisha kuibiwa televisheni na mitungi ya gesi haikuwa na cha kuchangia. Wengi walitoka baada ya miezi kadhaa wakakuta maskani ilipokuwa, na kazi hakuna. Kurudia kulikuwa jambo la kawaida. Baadhi waliingia nyumba moja mara tatu, nne.

Dirisha

Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 heroini iliadimika ghafla katika pwani ya Kenya. Maelfu ya watu wenye uraibu walijikuta wakikabiliwa na arosto kwa wakati mmoja. Wengine walihamia kwenye vidonge na vileo, wengine wakanunua unga uliochanganywa na vitu visivyojulikana. Tukio hilo lilikuwa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga la nadharia ya udhibiti, ile isemayo kwamba kuondoa dawa ni kuondoa tatizo. Unga uliondoka na uraibu ukabaki. Mji mzima uliweza kuona kwamba kilichokuwa kinahitaji tiba kilikuwa ndani ya watu. Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, Muhimbili ilikuwa ikipokea wagonjwa wake wa kwanza wa methadoni.

Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Matumizi yake kwa uraibu yaliwekwa msingi New York, ambako Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha mwaka 1965 matokeo ya wagonjwa 22. Hunywewa mara moja kwa siku, hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko heroini, huzuia arosto bila kuleta ulevi wa ghafla, na kwa sababu haidungwi huondoa hatari ya sindano. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa hiyo Dar es Salaam iliipata miaka 46 baada ya New York, na miaka mitano au sita tu baada ya kutambuliwa rasmi kimataifa. Mwananyamala ilifuata mwaka 2012, kisha Temeke, ambako Médecins du Monde walikuwa wakigawa sindano safi. Mathari ilianza Desemba 2014, Malindi mwaka 2015, na katika mwaka huo Zanzibar ikaanza katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Ni hospitali zilezile za akili ambazo kwa vizazi vilivyotangulia zilimpokea mlevi baada ya kupata wazimu tu.

Dirisha lilikuwa na masharti yake. Mgonjwa alitakiwa kufika kila siku na kunywa mbele ya mhudumu. Kwa anayekaa Mbagala au Bunju, nauli ya kwenda na kurudi kila asubuhi ilikuwa gharama isiyoandikwa katika mpango wowote, na kibarua kinachoanza saa moja asubuhi hakikumsubiri. Ajabu ya mambo ni kwamba dawa iliyokusudiwa kumrudishia mtu maisha ya kawaida iliweza kumzuia asipate kazi ya kawaida. Wanawake walikuwa wachache mno kliniki kuliko walivyokuwa magetoni, kwa kuogopa kuonekana, kwa kukosa wa kumwachia mtoto, na pengine kwa kuwa chini ya wanaume waliodhibiti fedha na unga wao.

Mgogoro wa ndani zaidi ulikuwa kati ya dirisha na nyumba. Kwa mwanafunzi wa hatua 12, kuwa safi ni kutotumia kitu chochote kinachobadili akili, na methadoni ni ya jamii ya afyuni kama heroini. Kwa daktari, anayekunywa methadoni kila siku, anayefanya kazi na kulea, ametibiwa. Swali la kama mtu wa methadoni anaweza kusema kikaoni kwamba yu safi lilibaki wazi. Wapo waliokwenda dirishani asubuhi na kikaoni jioni, na hawakusema katika kikao walikotoka asubuhi. Waandishi wa sera wamezoea kuziorodhesha njia hizi mbili pamoja kana kwamba zinakamilishana. Katika maisha ya waliozipita, zilishindana juu ya maana ya nafuu yenyewe.

Sheria mpya ya Tanzania ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi mwaka 2017. Ilileta ofisi moja inayokamata wauzaji na kusimamia huduma za waraibu kwa pamoja, na katika nyaraka zake neno teja halina nafasi. Mahali pake pamewekwa mraibu. Lakini sheria hiyohiyo iliendelea kuyahesabu matumizi kuwa kosa la jinai. Mtu aliyetoka maskani asubuhi kuelekea dirishani, mabaki ya kete ya jana yakiwa mfukoni, alikuwa mgonjwa kwa ofisi moja na mtuhumiwa kwa ofisi hiyohiyo, na ilitegemea ni mtumishi gani wa serikali atakayekutana naye kwanza njiani.